Kichaka Tulichokiita Bi Harusi

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Usikimbilie kuitikia, soma kwanza.

Nimeuliwa ng'ombe watatu. Hawakufa, wameuliwa, ulielewe vizuri neno hilo. Jumatatu asubuhi niliingia zizini na ndoo yangu nikakuta hamna mtu. Mlango wa nyuma umesukumwa kwa pembe, na mwenye tabia hiyo ni Serikali peke yake (unamkumbuka, nilimpa jina hilo kwa kuwa maziwa anatoa siku anayotaka yeye). Nikasema leo nitamtandika. Nikawafuata hadi mpakani, kwenye uzio wa nyuma. Serikali amelala ubavu, miguu imenyooka. Shangazi yuko pembeni yake, povu limemjaa mdomoni. Mtulivu alikuwa bado anapumua. Nilikaa chini kwenye umande nikaweka sikio kifuani kwake. Moyo unapiga mara moja, unanyamaza, unapiga mara mbili, unanyamaza. Amekata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, saa mbili kasoro. Gauni langu la kukamulia halitafulika tena.

Daktari wa mifugo alifika saa nne akapasua tumbo la Serikali. Mlikuwa na majani. Akayanusa, akayatazama, akanyanyuka kwenda kwenye uzio. "Mama, nani amekata kichaka hiki?"

Kaka, Bi Harusi amekatwa! Kile kichaka chetu cha mpakani, chenye maua meupe na ya waridi, tuliyokuwa tukiyavaa kichwani tukicheza arusi, kimekatwa chote hadi shinani. Matawi yamelundikwa chini ya uzio, upande wangu, yamenyauka kama mboga za jana. Nikamwambia daktari, lakini ng'ombe wangu wanapita pale kila siku, hawajawahi hata kukinusa. Akasema ndiyo, kikiwa kibichi ni kichungu, mnyama anakitema. Kikikatwa kikanyauka, uchungu unapungua na sumu inabaki palepale. "Majani ya kujaza kiganja kimoja tu," akasema, "yanamwangusha ng'ombe mzima. Kinasimamisha moyo."

Aliyekata ni Mwashi. Sikuhitaji shahidi, nilimfuata mwenyewe, damu ya ng'ombe imenifika viwikoni. Nikamkuta anakoroga saruji.

"Umekata wewe?"

"Nimekata mimi."

"Kwa nini?"

Akatazama vidole vyake vya miguu, dume zima. "Jirani, siwezi kukwambia."

Hawezi! Mimi naweza kumwambia. Baba na baba yake waligombania hatua mbili za mpaka ule hadi wakazikwa hawasalimiani, na alama ya mpaka ilikuwa kichaka hicho. Kiking'olewa, nani atakumbuka mpaka ulipita wapi? Amekata ushahidi, kisha mabaki akanitupia mimi.

Wamebaki wawili, na mmoja wao hana maziwa. Nyumba hii inakula kwa ng'ombe wale, wewe unajua, na dawa za Mama zinanunuliwa kwa ng'ombe wale. Na Mama ndiye ananitia uchungu kuliko wote. Aliposikia wamekula kitu wakafa, ameniuliza "walikula nini?" mara tatu, kisha akaenda kujifungia chumbani. Miaka thelathini na moja tangu mdogo wetu Kitinda ale maharage yake akafa, hajashika sufuria, hata maji ya chai hachemshi. Sasa anadhani nyumba hii ina mkosi na mkosi ni yeye.

Mwashi nitamlipa. Sijui kwa njia gani, lakini nitamlipa, na hatasahau. Niandikie haraka uniambie niko sawa.

Mdogo wako,
Pilipili

10 Machi

Mdogo wangu mpendwa Pilipili,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, Mama, na mjukuu wako. Mimi sijambo, kazi zinaendelea, tumepokea miche elfu nne ya kupanda kando ya barabara kuu na mvua zimechelewa, kwa hiyo tunamwagilia kwa mikono kuanzia alfajiri.

Nimesoma habari ya ng'ombe. Pole sana, pole mno. Nilishindwa kumaliza chakula changu.

Sasa nisikilize kama kaka yako. Usimwonee Mwashi. Huenda alikuwa na sababu njema ambayo wewe huijui. Mtu hawezi kuchukua panga akajipa kazi ya siku nzima kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Mwache kwanza, mambo yatajulikana.

La muhimu zaidi ni hili. Vichaka kama hicho tunavyo hapa kitaluni, watu wa mjini wanapenda maua yake, na msimamizi wetu hutusomea sheria zake kila mwaka. Usiyaguse matawi bila glavu. Utomvu wake usikuingie machoni. Mjukuu asisogee kabisa, wala asipewe ua wala kijiti cha kuchezea, kwa sababu watoto hutia kila kitu mdomoni. Usikoroge chai kwa kijiti chake. Na zaidi ya yote usikichome moto wala kukifanya kuni, moshi wake nao ni sumu. Mfanyakazi mwenzetu alichoma takataka zake ndani ya kibanda akabebwa kwenda hospitali, moyo ukamsumbua mwezi mzima. Chimba shimo refu uyafukie yote, hata yaliyokauka. Kukauka hakuondoi kitu.

Mama mwambie asijisumbue na mambo ya zamani. Mambo ya zamani yamepita.

Kaka yako akupendaye

12 Machi

Ndugu yangu,

Mimi si mtu wa kuandika. Nitasema kwa kifupi.

Barua yako ya Februari ninayo, iko mfukoni mwa koti langu la kazini. Uliniomba mambo matatu. Nikikate kichaka chote kwa sababu ni sumu na mtoto wa nyumba ile ameanza kutambaa. Nisimwambie dada yako umenituma, utamweleza mwenyewe. Nisikichome, kwa sababu ya moshi. Nimefanya yote matatu kama ulivyosema. Hukusema matawi niyapeleke wapi, na mimi sikuuliza, hilo ni kosa langu. Niliyaweka chini ya uzio yakauke nije niyafukie Jumapili nikiwa na nafasi. Mimi najua mchanga na kokoto. Sikujua kwamba ng'ombe anakataa jani bichi akala lililonyauka.

Nawe hukujua, naona. Ungejua ungesema.

Dada yako hanisalimu. Ameambia duka zima kwamba mimi ni muuaji na mwizi wa ardhi. Watu waliokuwa wamenipa kazi ya kujenga ukuta wa shule wamempa mwingine. Mke wangu amerudishwa kutoka kisimani na ndoo tupu, wanawake wamemgeuzia mgongo. Nimekaa kimya kwa sababu nilitoa ahadi, na kwetu ahadi haivunjwi kwa sababu imekuwa nzito.

Lakini mzigo huu ni wako. Ukiombwa ukweli wa kichaka peke yake hushindwi kuusema, kwa hiyo kuna kingine unaficha. Sitaki kukijua. Mwambie dada yako. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Jirani wa nyumbani kwenu,
Mwashi

16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Asante kwa darasa. Kweli wewe ni mtu wa maua, umenifundisha kuliko daktari.

Uliniambia nichimbe shimo. Shimo la nini? Nimevaa glavu za kukamulia, nimechagua matawi manene manene, yaliyokwisha kukauka vizuri kwa jua hili, nimeyakata sawasawa kama kuni za kuuza, nimeyafunga mzigo mzuri kwa kamba. Ungeuona ungeununua. Jana saa tisa alasiri nikajitwisha kichwani, na kitambaa changu kipya, nikaenda kubisha kwa Mwashi.

Alikuwa hayupo. Nimemkuta mkewe, Mama Pacha, anapepeta mchele. Aliponiona aliacha ungo ukaanguka. Nikamwambia, "Mama Pacha, hasira zangu zimenichosha. Tumechota maji kisima kimoja tangu nimeolewa nikaachika nikarudi. Nimekuletea kuni, tuyaache haya." Kaka, alilia. Alinikumbatia na mikono ina pumba. Akaniambia tangu mwanzo alijua mimi si mtu mbaya.

Usiniulize nilijisikiaje. Nilimwokotea ungo wake nikaaga.

Unaijua nyumba yao. Jiko liko chumba kilekile wanacholala, na dirisha limezibwa kwa magunia sababu ya mbu. Kabla hujaniita shetani, pacha wao wako shule ya bweni hadi Aprili, nimehakikisha. Mkewe? Mkewe amelala kitanda kimoja na mtu aliyeua ng'ombe wangu, na hajamuuliza kwa nini. Basi wavute wote. Nataka moyo wa Mwashi upige mara moja, unyamaze, upige mara mbili, unyamaze. Nataka aisikie hesabu ile niliyoisikia mimi.

Umesema niache mambo yajulikane. Yatajulikana. Nimeweka kigoda dirishani, nashona nguo ya mjukuu huku natazama paa lao. Jana walipikia mkaa, nadhani kuni wanaziwekea heshima. Leo bado sijaona moshi.

Mdogo wako,
Pilipili

18 Machi

Jirani,

Barua hii nimeisukuma chini ya mlango wako mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aishike.

Jumanne nimerudi kutoka kazini nikamkuta mke wangu ameshapanga kuni tatu mekoni, kiberiti kiko mkononi. Alikuwa anaimba. Alisema jirani ametusamehe.

Kuni zile nazijua. Panga langu lina pengo karibu na ncha, kila tawi nililolikata lina mfereji mdogo pale pengo lilipopita. Nilimnyang'anya kiberiti. Nikamwambia kuni zina mchwa, zitatuharibia nyumba. Yeye hajui lolote, na sitamwambia, kwa sababu amefurahi wiki hii kuliko mwezi mzima.

Nimechimba shimo nyuma ya nyumba yangu, kimo cha mtu. Ulipokwenda kupeleka maziwa nimekuja upande wako nikayabeba matawi yaliyobaki, nikayatia humo na mzigo wako juu yake. Nimefukia na kushindilia. Mjukuu wako anaweza kutambaa.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Kwa nini nilikata sitakwambia, nimetoa ahadi, na yuko anayeweza kukuambia. Nimepata kazi ya kujenga ghala mbali, wiki tatu. Naondoka kesho. Ninachokuomba ni kimoja tu. Mke wangu umwache.

Mwashi

22 Machi

Pilipili, usome hii umesimama na ukimaliza ukimbie.

Ukazitoe zile kuni! Ukiwa umeshakuta moshi, fungua mlango, ng'oa magunia dirishani, watoe nje, ita daktari umwambie ni nini wamevuta, usione aibu. Nimempa barua hii dereva wa lori la miche aiweke mkononi mwako, barua ya posta ingechelewa. Nimepokea yako jana jioni. Sijalala.

Mwashi nilimtuma mimi. Mimi ndiye niliyemwandikia akate, mimi ndiye niliyemwambia asikwambie, mimi ndiye niliyemkataza asichome. Mwezi wa kwanza uliniandikia kwamba mjukuu ameanza kutambaa na anapenda maua ya Bi Harusi, mnampa ayachezee. Nilisoma pale kitaluni nikakaa chini kwenye matope.

Sasa utauliza kwa nini sikukuandikia wewe. Nilijaribu. Nilichana karatasi sita. Kila nikianza "kile kichaka ni sumu", nilisikia sauti yako inaniuliza, "umejua lini?"

Pilipili, Kitinda hakufa kwa maharage.

Siku ile Mama alikuwa ametutuma sisi watatu tukaangalie mbuzi. Wewe ulikimbilia kwa rafiki zako. Kitinda alikuwa analilia filimbi kama ya mtoto wa shule. Nilimkatia tawi la Bi Harusi, nikamenya gome, nikatoboa, nikamchongea filimbi nzuri. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa fundi, nilijisikia. Aliipuliza mchana kutwa, aliinyonya, aliitafuna ncha yake. Jioni akala maharage yaliyobaki jana, kwenye kibakuli chake. Kisha akaanza kutapika. Unakumbuka mwenyewe. Mama mkubwa aliposema "maharage yamelala, yamemuua mtoto", mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na filimbi iko mfukoni mwangu. Sikujua, naapa sikujua. Niliitupa chooni kwa sababu tu sikutaka kuiona.

Nilijua nikiwa na miaka ishirini, wiki yangu ya kwanza hapa kitaluni, msimamizi alipotusomea sheria. Alisema, "wala filimbi za watoto." Wenzangu wakaendelea kuandika.

Miaka ishirini na minne nimetafuta siku nzuri ya kumwambia Mama. Kila likizo nilifika nikamkuta amekaa pale kwenye kiti chake, wewe unapika, nikasema mwaka kesho. Mwashi hana kosa hata kidogo. Kosa lake ni kuniamini.

Kimbia, mdogo wangu. Mambo mengine utanifanya unavyotaka.

Kaka

24 Machi

Wewe,

Leo shikamoo sina.

Hawakuvuta. Mwashi alizitambua kuni zake kwa alama ya panga akazifukia, na mkewe mpaka leo ananiita dada. Jana ameniletea mayai. Nimeyapokea. Ulitaka kujua nimefikia wapi, basi nimefikia hapo, nakula mayai ya mwanamke niliyempelekea kifo kichwani kwa mikono yangu miwili. Ningekuwa muuaji, kaka, kwa sababu wewe una aibu ya kuandika barua.

Nimesoma yako mara nyingi hadi imechanika kwenye mkunjo. Nimejitahidi kukuonea huruma. Mtoto wa miaka kumi na mitatu namwonea huruma, ningekuwepo ningemfuta machozi. Lakini huyu wa miaka ishirini, wa thelathini, wa arobaini na nne, anayekuja likizo na viatu vinang'aa, anakaa mezani anakula chakula nilichopika mimi, ananisifia "mdogo wangu una mkono mtamu", huyo simjui.

Unajua nilianza kupika lini? Nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda juu ya tofali ili nifike kwenye sufuria. Mama alikuwa anasimama nyuma yangu ananiambia "ongeza maji", "punguza moto", mikono ameifumbata mgongoni kama mfungwa. Siku niliyoungua mkono huu wa kulia alipiga kelele lakini hakulishika sufuria, alikwenda kumwita Baba. Nilimchukia siku ile, na chuki hiyo nimeibeba miaka yote. Baba naye alikufa akiamini ni maharage. Wakigombana, neno lake la mwisho lilikuwa moja tu, nawe ulikuwa unalisikia: "Kwani mimi ndiye niliyempa mtoto yale maharage?" Ulilisikia, ukageuza uso, ukaendelea kuchonga vijiti vyako!

Ng'ombe wangu nimekusamehe. Unaona nilivyo? Ng'ombe ni ng'ombe. Hili jingine sikusamehe, na nimetafuta adhabu yake siku mbili hizi hadi kichwa kimeniuma. Nilifikiri nimwandikie msimamizi wako. Nilifikiri nikuletee filimbi. Ndiyo, nilikwenda mpakani kuangalia kama shina limeacha hata kijiti.

Halafu nikapata. Mama sitamwambia mimi. Nikimwambia mimi utakuwa umepona tena, utasoma majibu yake kwenye karatasi ukiwa kitaluni kwako, utalia kidogo, utamwagilia miche. Hapana. Barua hii anakuletea dereva wako wa lori, kwa hiyo utakuja Jumamosi, basi la asubuhi. Utapita mlango wa mbele. Utapiga magoti mbele ya kile kiti na utasema kwa mdomo wako, yote, filimbi, mfuko, choo, na ile miaka ishirini na minne. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni kama ulivyosimama wewe.

Usipokuja Jumamosi, Jumapili naanza kusoma barua yako kwa sauti kisimani.

Pilipili

1 Aprili

Jirani Mwashi,

Barua hii nampa fundi mwenzako anayekuja huko kwenye ghala. Nimekuandikia mara tatu nikachana, naona ni ugonjwa wa familia yetu. Hii haichanwi.

Najua ulitumwa na nani, na najua kwa nini. Kaka amekuja Jumamosi akasema mwenyewe, na kwa kuwa uliibeba siri yake bila kuijua ilivyo, ni haki yako uijue. Mdogo wetu Kitinda hakufa kwa maharage ya Mama. Aliuliwa na filimbi ya kichaka kile, Kaka alimchongea wakicheza, hakujua. Alipokuja kujua, alinyamaza. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana sina mwingine wa kumweleza.

Alifika na kapu la miche ya maua. Maua, jirani! Nikamwonyesha kwa kidole aliache nje. Alipiga magoti, akasema yote. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, Mama alimuuliza maneno mawili tu.

"Filimbi ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeupe, Mama. Nilimenya gome."

"Ulijua lini?"

"Nikiwa na miaka ishirini."

Mama akahesabu kwa vidole. Alipofika kumi alianza upya, na alipofika ishirini akaanza tena. Kisha akanyanyuka, akaniuliza, "Sufuria kubwa liko wapi?"

Nilidhani anataka kumpiga nalo, na nisikudanganye, nilimpa haraka. Akalitia maji. Akachukua maharage yangu niliyokuwa nimeloweka, akayatia, akawasha moto. Mama, jirani! Nimemjua miaka arobaini na sikumbuki mgongo wake ukiwa umeinama jikoni. Nikataka kumsaidia, akaniambia nikae. Tulikaa saa mbili nzima, maharage yanachemka. Kaka alikuwa bado yuko chini, magoti yamemfa ganzi. Mama alitia chumvi. Baadaye akasahau akatia tena, nikaona, nikamwacha.

Akapakua sahani moja. Akaiweka mbele ya Kaka, akavuta kiti akakaa mkabala naye.

"Kula."

"Mama, na ninyi?"

"Kula wewe. Miaka thelathini na moja nimeuogopa mkono wangu huu. Nimeoga nao, nimelala nao, nimeuogopa. Leo uuogope wewe."

Kaka alikula. Kila kijiko kilikuwa kinagonga meno. Alijua hakuna kitu ndani ya maharage yale, alikuwa ameyaona tangu yanatoka kwenye maji, lakini Mama alimkazia macho tu, na mtu akitazamwa vile hawezi kuwa na hakika na lolote. Alipomaliza, Mama akampakulia ya pili. Akala. Akampakulia ya tatu. Kaka akasema, "Mama, basi." Mama akasema, "Hujashiba." Machozi yalikuwa yanaingia kwenye sahani, anakula nayo.

Mimi nilikuwa mlangoni kama nilivyoapa. Nilitaka kuyaona hayo kuliko kitu chochote duniani. Kwenye sahani ya kwanza nilifurahi. Kwenye ya tatu nilishindwa, nikageuka nikatazama nje, na nilichokiona nje ni paa la nyumba yako. Nilikaa kwenye dirisha lile siku mbili nikisubiri moshi. Nilikuwa nashona nguo ya mtoto, Mwashi. Sindano haikunichoma hata mara moja.

Sahani ya tatu ilipokwisha, Mama alilivuta sufuria akakwangua chini, akajitilia mdomoni yeye mwenyewe. Akatafuna muda mrefu. "Chumvi imezidi," akasema. Kisha ndipo akalia, na Kaka akanyanyuka, na mimi nikatoka nje nikamkamue yule mmoja mwenye maziwa.

Kaka amerudi mjini. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Kabla hajaondoka alipita dukani akasimama mbele ya watu akasema wewe ulitumwa na yeye. Mwalimu mkuu amesema ukuta wa shule unakusubiri, yule mwingine kaupinda. Na mpaka tutaupima upya mimi na wewe, hizo hatua mbili uzichukue, tujenge ukuta wa mawe ambao ng'ombe hali.

Mkeo sijamwambia. Nimeona si haki abebe kitu ambacho ni changu, lakini wewe ukisema nimwambie, nitamwambia.

Jumapili utakayorudi Mama anapika. Amesema nyote wawili mje. Najua huwezi kuweka chakula cha nyumba hii mdomoni kwa raha, kwa sababu ya aliyekuletea kuni. Kwa hiyo nitakaa mbele yako, nitapakuliwa wa kwanza, nitakula sahani yangu yote na wewe unanitazama, na utasubiri kadiri utakavyotaka kabla hujashika kijiko.

Jirani yako,
Pilipili